Ukiwa wa Dakika Mbili: Kisa cha Mama Aliyezama Kila Maziwa Yaliposhuka

Alikuja wiki ya 6 kumleta mtoto kwa chanjo. Yeye mwenyewe hakuwa na shida aliyoisema. Kadi yake ilikuwa safi: alijifungua kawaida, hakupoteza damu nyingi, presha nzuri, na kwenye hudhurio la siku ya 7 palikuwa na maneno mawili kwa mwandiko ambao siwezi kuukana kwa kuwa ni wangu: "Ananyonyesha vizuri."

Ni fundi cherehani hapa Tanga mjini, miaka 28, uzazi wa pili. Ameridhia kisa chake kiandikwe, na mambo kadhaa ya kumtambulisha nimeyageuza. Mtoto, wa kiume, alizaliwa na kilo 3.1 na siku ile mizani ilisoma 4.7. Kwa macho ya kliniki, hapo habari imekwisha. Mtoto akipanda uzito, mama husifiwa, kadi hugongwa muhuri, anaitwa mwingine.

Foleni ilikuwa ndefu, mtoto akaanza kulia, naye akamweka ziwani pale pale kwenye benchi. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yao najaza rejista. Kabla mtoto hajameza funda la kwanza, uso wa mama ukabadilika. Uso wa maumivu naujua: mabega hupanda, vidole vya miguu hujikunja ndani ya kandambili. Huu haukuwa huo. Huu ulikuwa uso wa mtu aliyepokea simu ya msiba. Midomo ililegea, macho yakashuka hadi kwenye kigae kilichopasuka, yakabaki hapo. Mtoto akaanza kumeza, gluku, gluku. Zikapita kama dakika mbili. Kisha mama akashusha pumzi, akamrekebishia mtoto kofia, akamgeukia jirani yake na kumuuliza bei ya nepi.

Nilipomwita chumbani nikaanza na swali tulilozoea. "Mama, ziwa linauma?"

"Haliumi, sista."

"Kuna shida yoyote?"

"Hakuna."

Ningeandika tena yale maneno mawili. Sijui kilichonifanya niulize mara ya tatu, labda ile bei ya nepi. "Na kile kilichokupitia pale kwenye benchi ni nini?"

Akanitazama muda mrefu. "Sista, kumbe kinaonekana?" Halafu akalia, na mtoto naye akalia, tukakaa hivyo mpaka mwenzangu akachungulia mlangoni kuuliza kama pana usalama.

Alivyoeleza mwenyewe

Nimeandika maneno yake karibu kama alivyoyasema, kwa sababu utambuzi wote wa kisa hiki umo ndani ya mpangilio wa maneno hayo.

"Mtoto akishika tu, hata hajavuta vizuri, roho inazama. Kama ile jioni ya kwanza nilipopelekwa bweni, mama kaondoka, mabegi bado yako chini. Najiona sifai kwa lolote. Tumbo linakuwa tupu hapa, juu ya kitovu. Halafu maziwa yanachoma kama visindano, yanashuka, mtoto anameza, na kile kitu kinaondoka. Kikishaondoka nabaki najishangaa. Nampenda huyu mtoto. Dakika ile siwezi kumpenda mtu yeyote."

Kwenye daftari niliandika "huzuni". Akaisoma juu chini, akakataa. Huzuni, alisema, ina sababu. Mtu akikuuliza una nini, unacho cha kumjibu. Nikampa maneno mengine ya kwetu: kihoro? Hapana, kihoro ni cha aliyefiwa. Jakamoyo? Karibu, lakini jakamoyo linamfanya mtu ahangaike, na yeye hahangaiki, anakauka. Mwishowe akalitaja mwenyewe: ukiwa. Neno tunalolitumia kwa nyumba iliyohamwa na watu wake. Nikafuta, nikaandika hilo.

Kilikuwa kimemwanza siku ya 4 baada ya kujifungua, maziwa yalipojaa. Alikuwa kwa mama yake kwenye arobaini, anakandwa maji ya moto asubuhi na jioni, anakunywa uji wa pilipili manga, watu wamejaa nyumbani. Huo ukiwa ulimkuta katikati ya umati. Alipomdokeza mama yake, mama akasema ni jicho, akaletewa kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya aya, akanywa. Wifi akasema ni kwa vile alitaka mtoto wa kike. Mama mkwe, aliyewahi kumwona anamtoa mtoto ziwani ghafla, akaamua kwamba maziwa hayatoshi na mtoto anavuta hewa. Akaenda duka la dawa akarudi na vidonge vya kuongeza maziwa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na nia mbaya, na sioni sababu ya kuwacheka. Kila mtu alichukua maelezo yaliyokuwa karibu na mkono wake. Mimi pia, siku ya 7.

Nikamwomba aniletee vile vidonge. Vilikuwa metoklopramidi, ile ile ya kuzuia kutapika. Alikuwa anameza 3 kwa siku kwa siku 9, na tangu aanze, alisema, "kinakuja kizito zaidi na kinakawia kuondoka." Nilimwambia aache siku hiyo hiyo. Nitarudi kwenye vidonge hivi.

Jambo la mwisho alilolisema akiwa tayari amesimama. Mtoto wake wa kwanza aliachishwa ziwa akiwa na miezi 3. Ukoo mzima unajua kwamba mtoto yule "alikataa ziwa". Hakukataa. Mama ndiye aliyeshindwa, akasema mtoto amekataa, na kwa miaka 4 aliishi na uongo huo bila kumwambia mtu, hata mumewe.

Chaki juu ya meza ya kukatia

Sikumpa jina la ugonjwa siku hiyo. Nilimpa kazi. Kwa siku 7, kila kile kitu kikija, aweke alama: kimekuja kabla maziwa hayajachoma, wakati yanachoma, au baada? Kimekaa muda gani kwa saa ya simu? Mtoto alikuwepo? Nilitegemea daftari. Yeye akatumia chaki ya kushonea, akachora mistari kwenye ukingo wa meza yake ya kukatia vitambaa, kisha akaipiga picha akaja nayo. Mistari 58. Mirefu ni ile iliyozidi dakika mbili. Ilikuwa michache, na karibu yote ni ya siku 2 za mwanzo, vidonge vikiwa bado havijamtoka mwilini vizuri. Mstari wowote wa "baada" haukuwepo.

Mistari 3 ilikuwa imezungushiwa duara. Hiyo ndiyo iliyonikalisha sawa kwenye kiti.

Alikuwa barazani anashona mikono ya dera la mteja, mtoto kalala ndani na bibi yake. Mtaani akapita mama mwingine na mtoto mgongoni analia. Fundi wetu mguu ukasimama kwenye pedali. Ukiwa ukaingia, ule ule, juu ya kitovu. Akahesabu. Kabla ya kufika 40 visindano vikaanza, na blauzi ikalowa pande zote mbili. Halafu kikaondoka, akamalizia mkono wa dera.

Tazama kilichomo humo. Hakuna mtoto wake mikononi. Hakuna chuchu inayovutwa. Hakuna kuchoka na kazi ya kunyonyesha, wala mawazo ya kumchukia mtu. Kuna maziwa yanayojiandaa kushuka, na ukiwa unaotangulia mbele yake kama mvumo unaotangulia mvua. Kwa hiyo tunatafuta kitu kilichofungwa kwenye kushuka kwa maziwa kwenyewe.

Tulichokiondoa njiani

Sonona baada ya kujifungua ndiyo iliyonitia hofu kwanza, na ndiyo inayopaswa kumtia hofu mkunga yeyote. Nilimpitisha kwenye maswali 10 ya Edinburgh ya kuchunguza sonona kwa wazazi, yale yaliyochapishwa 1987, yenye alama kuanzia 0 hadi 30. Alipata 9, na swali la 10, la kujidhuru, alijibu hapana. Tisa ni alama ya kukaa nayo macho, si ya kumwandikia mtu sonona. Lakini maswali yale yana tundu ambalo kisa hiki kilinifungua macho kuliona: yanauliza umejisikiaje kwa siku 7 zilizopita. Mama anayezama mara 8 kwa siku, dakika mbili kila mara, atajibu "ndiyo, wakati mwingine" na atakuwa mkweli. Karatasi haimuulizi ni wakati upi. Mwenye sonona huamka nayo na kulala nayo. Huyu kati ya nyonyo moja na nyingine anacheka, anakula, anadaiana na wateja, anamtamani mumewe arudi kutoka kazini. Unyonge wa siku za mwanzo, ule wa machozi yasiyo na mwenyewe, kwa kawaida huwa umepita ndani ya wiki mbili. Wake ulikuwa wiki ya 6 na haukuwa na sura hiyo.

Kuna pia kinachofanana nacho kwa mbali: mama kuchukizwa na kunyonyesha. Huyo ngozi humsisimka, hupandwa na hasira, hutamani kumsukuma mtoto, na hali hiyo hudumu muda wote mtoto akiwa ziwani. Tunaiona zaidi kwa wanaonyonyesha huku wana mimba nyingine, au mtoto akishakuwa mkubwa. Tofauti ni saa. Kuchukizwa kunafuata mdomo wa mtoto. Ukiwa wa mama huyu unafuata maziwa, na maziwa yakishashuka mtoto anaweza kuendelea kunyonya nusu saa asisikie kitu.

Nilimuuliza peke yake, mlango umefungwa, kuhusu kupigwa na kuhusu kulazimishwa, sasa au zamani. Kwa waliopitia hayo, kunyonyesha huweza kurudisha mengine. Alisema hapana, na jinsi alivyosema niliamini. Vipimo vilivyobaki havikuwa na neno: damu 11.4, sukari sawa, malaria hakuna, matiti laini bila uvimbe.

Kinachoaminika kutokea mwilini

Hali hii kimataifa inajulikana kwa herufi D-MER, kifupi cha Kiingereza cha Dysphoric Milk Ejection Reflex. Haina jina la Kiswahili lililozoeleka. Zahanatini kwetu tumeanza kuiita ukiwa wa maziwa, na lawama za jina hilo zije kwangu. Aliyeivuta ikajulikana si profesa, ni mshauri wa unyonyeshaji wa Marekani, Alia Macrina Heise, aliyepatwa nayo mwenyewe kwa mtoto wake wa 3. Mwaka 2011 yeye na Diane Wiessinger walichapisha taarifa ya kisa kimoja katika jarida la kitabibu. Hebu fikiria: wanawake wamenyonyesha tangu dunia iumbwe, na taarifa hiyo ni ya juzi tu. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walipopitia taarifa za akina mama 164 waliorudi wiki ya 6 hadi ya 8, waliikuta kwa asilimia 9.1. Idadi hiyo ni ndogo na ni ya kwao, sitaihamishia Tanga. Hata hivyo kwenye benchi letu la asubuhi huketi akina mama zaidi ya 20.

Mtoto akishika ziwa, au mama akisikia kilio, ubongo huachia oksitosini, ile ile tunayomdunga mama yuniti 10 mtoto akishatoka. Oksitosini huminya vifuko vya maziwa, maziwa yakashuka. Sambamba na hilo, prolaktini inayotengeneza maziwa ya nyonyo inayofuata hutakiwa ipande. Prolaktini ina breki, na breki yake ni dopamini. Ili ipande, dopamini lazima ishuke kidogo. Kwa wengi inashuka taratibu wasisikie. Kwa baadhi, ndivyo wanavyodhani waliolichunguza, inaporomoka; na kwa kuwa dopamini hiyo hiyo ina kazi ya kumfanya mtu aone maisha yana ladha, kwa dakika chache ladha yote hukatika. Ikirudi mahali pake, na yeye anarudi. Wako wanaoielekezea kidole oksitosini yenyewe, kwamba kwa mama aliyebeba msongo inaweza kuamsha hofu badala ya utulivu.

Mimi kwa kisa hiki naegemea dopamini, na sababu ni vile vidonge. Metoklopramidi huziba njia za dopamini; ndiyo maana huongeza prolaktini na ndiyo maana mitaani imepata sifa ya dawa ya maziwa. Ukimpa mama ambaye breki yake tayari inaporomoka, unakata na waya uliobaki. Lakini dawa hiyo inajulikana kuleta unyonge hata kwa wasionyonyesha, na mama mmoja na chaki yake si ushahidi wa kumfunga mtu.

Tulichofanya, ambacho si kingi

Nilimchorea mambo haya nyuma ya boksi la glavu: ubongo, ziwa, mshale unaopanda, mshale unaoanguka. Alikitazama kile kimchoro akauliza swali moja tu. "Kwa hiyo si mimi?" Nikamwambia ni mwili wake, kama kupiga chafya ni mwili wake, na hakuna anayepiga chafya kwa sababu hampendi mwanawe. Kwa kisa hiki, hiyo ndiyo ilikuwa dawa kubwa. Ukiwa haukupungua siku ile hata kwa sekunde. Kilichoondoka ni lile fungu la juu yake: aibu, na hofu kwamba anaelekea kuwa mwendawazimu.

Mengine ni ya kawaida. Maji, maana siku za joto alishona tangu asubuhi bila kunywa. Usingizi, kwa hiyo mume akachukua usiku wa mtoto mkubwa. Kahawa chungu ya jioni aliipunguza, kwa kuwa baadhi ya akina mama huona inawazidishia. Kwake sikuona tofauti ya wazi. Na kitu cha kufanya kwa mikono ndani ya dakika zile mbili. Hicho alikibuni yeye: kopo la vifungo vilivyochanganyika. Anamweka mtoto ziwani kwa mkono mmoja, kwa mwingine anatenga vifungo, vyeupe huku, vya rangi kule. Anasema akifika kifungo cha 15 maziwa yanakuwa yameshashuka.

Dawa sikumpa. Zipo taarifa za akina mama waliopata nafuu kwa dawa zinazopandisha dopamini, lakini dopamini ikipanda prolaktini inashuka, na maziwa pia. Kabergolini tunayompa mama aliyefiwa na kichanga ili maziwa yakauke hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Hata pseudoefedrini, iliyomo kwenye vidonge vingi vya mafua, dozi moja ya miligramu 60 ilionekana kwenye utafiti wa 2003 kupunguza maziwa kwa asilimia 24 ndani ya siku moja. Nilimwonya asinunue vidonge vya mafua hovyo. Tulikubaliana pia kwamba kikija na wazo la kujidhuru, kwa kuwa wapo wanaolipata ndani ya dakika hizo hizo, au kikianza kubaki nyonyo ikiisha, asisubiri tarehe ya kadi. Aje usiku huo huo, na rufaa ya hospitali ya mkoa nitaiandika mimi. Na kama ingefika mahali akaamua kuacha kunyonyesha, ningemsaidia kuacha vizuri. Nilimwambia hivyo kwa sauti. Sisi tunaosimamia Wiki ya Unyonyeshaji kila Agosti, na mabango yetu ambayo kila mama juu yake anatabasamu, ni nadra kulisema hilo, na nadhani kulisema ndiko kulikomfanya aendelee. Tulikuwa tumempa agizo la kunyonyesha mara 8 hadi 12 kwa siku pasipo kujua kwamba tunamwagiza azame mara 8 hadi 12.

Mama yake nilimwita kwa idhini yake. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, kisha akasema, "Basi mwanangu, na kombe tulimnywesha bure?" Nikamjibu kwamba kombe halijamdhuru. Akaridhika na hilo, na tangu siku hiyo yeye ndiye anayelinda kopo la vifungo wajukuu wasiliguse.

Wiki ya 10 mistari ya chaki ilikuwa imepungua hadi 31 kwa wiki, yote mifupi. Wiki ya 14 ile ya mchana ilikuwa karibu imekwisha. Imebaki ya alfajiri, ziwa likiwa limejaa baada ya mtoto kulala usiku kucha, na ya siku anazozidiwa na kazi za harusi. Kwa mumewe amesema yote, pamoja na habari ya mtoto wa kwanza. Kwa mama mkwe bado. Anasema atasema akiona inafaa, na mimi sikumsukuma.

Mara ya mwisho alikuja mtoto akiwa na miezi 6, kilo 7.6, ameanza uji. Ziwa anaendelea nalo. Kwenye kadi, chini ya yale maneno yangu mawili ya siku ya 7, nimeongeza kwa kalamu nyekundu: "Ukiwa kabla ya maziwa kushuka, sekunde 40 hadi dakika 2, unapungua. Asipewe metoklopramidi." Anarudi miezi 9, chanjo ya surua.